Kabla Hujasaini: Ovataimu, Chama na Kupunguzwa Kazi Oda Zinapokauka

Kiwanda kinapoanza kuyumba, dalili ya kwanza haibandikwi kwenye ubao wa matangazo. Inaonekana kwenye ovataimu. Laini moja ya uzalishaji inaambiwa itoke saa 11 jioni kamili, laini ya jirani inabaki mpaka saa 2 usiku, na hakuna anayeeleza kwa nini. Ndivyo ilivyokuwa katika kiwanda kimoja cha nguo za kuuza nje, Dar es Salaam, kuanzia Machi 2020, wanunuzi wa ng'ambo walipoanza kusitisha oda kwa sababu ya korona. Yaliyofuata yalikula miezi: ovataimu iliyolipwa nusunusu, likizo bila malipo, barua za "hiari", notisi ya kupunguza wafanyakazi, kisha safari za Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA kama inavyojulikana na kila mtu.

Haya yanaandikwa kutoka upande wa tawi la chama cha wafanyakazi, kwa matawi mengine na kwa mfanyakazi ambaye hajawahi kujaza fomu yoyote ya chama. Viwango vilivyomo ni vya Tanzania Bara, chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Zanzibar ina sheria yake ya ajira, usibebe namba hizi ukavuka nazo bahari. Na kwa kuwa sheria za kazi zilifanyiwa marekebisho mwaka 2025, tawi lolote linaloingia kwenye mazungumzo leo lishike nakala mpya, si ile iliyokunjwa kabatini tangu enzi za katibu aliyepita.

Jambo moja lingetuokolea muda mwingi kama tawi lingelishika mapema: ovataimu na usalama wa ajira ni daftari moja. Tulizoea kuyatenganisha. Dai la saa za ziada lilikuwa la laini fulani na supavaiza wake. Kupunguzwa kazi lilikuwa la chama na menejimenti. Siku ya mashauriano ilipofika, karatasi zenye nguvu kuliko hotuba zote zilikuwa zile za saa za ziada.

Tuanze na hesabu, maana wengi hupunjwa hapo na hawajui. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, 9 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Kupata mshahara wa saa moja, unagawanya mshahara wa msingi wa mwezi kwa saa za wiki mara 4.333. Kwa anayefanya saa 45, hiyo ni 195. Mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 234,000 ana 1,200 kwa saa. Ovataimu ni mara moja na nusu: 1,800. Akifanya kazi siku yake ya mapumziko ya wiki au sikukuu ya kitaifa, ni mara mbili: 2,400. Kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi kuna nyongeza ya asilimia 5, yaani shilingi 60 kwa saa, na kama saa hiyo ya usiku ni ya ovataimu, asilimia 5 inapigwa kwenye ile 1,800, inakuwa 90.

Sasa angalia ujanja. Mhasibu anagawa kwa 240, siku 30 mara saa 8. Hapo saa moja inakuwa 975 na ovataimu 1,462.50. Tofauti ni shilingi 337.50 tu, na kwenye hati ya mshahara haionekani kwa sababu pameandikwa jumla. Lakini aliyefanya saa 60 za ziada kwa mwezi kapoteza 20,250. Ukiuliza unaambiwa ndivyo mfumo wa kompyuta unavyokokotoa. Mfumo haukujipangia wenyewe. Kuna mtu aliyeandika 240. Dai liandikwe kwa barua, lionyeshe hesabu mbili sambamba, ya 195 na ya 240. Kwetu barua ya namna hiyo ilijibiwa upesi kuliko malalamiko ya mdomo ya miaka.

Ujanja wa pili ni wa kadi. Saa 11 jioni watu wanaambiwa wakapanchi kutoka, kisha warudi kwenye mashine "kumalizia target". Kadi inaonyesha mtu katoka, huku ovaloki inanguruma mpaka saa 1 usiku. Mwisho wa juma anapewa elfu tano ya chakula. Lengo la uzalishaji halifuti saa. Muda ambao mwajiri amekuomba au amekuacha ufanye kazi ni muda wa kazi. Ila lazima uuthibitishe, na kadi inakukana. Ushahidi uliosimama ulikuwa huu: daftari dogo la kila mtu lenye tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka na laini, ujumbe wa supavaiza kwenye kundi la WhatsApp ("laini 4 mnabaki leo, oda inatoka kesho"), kitabu cha walinzi cha getini, na muda wa basi la wafanyakazi kuondoka. Daftari la mtu mmoja linatiliwa shaka. Madaftari ya watu kumi na wawili yanayokubaliana siku kwa siku, hata kwa mwandiko mbaya, ni kitu kingine kabisa.

Kuna mpaka pia ambao wafanyakazi wenyewe hawapendi kuusikia: ovataimu haizidi saa 50 katika kila wiki nne, na kwa siku moja kazi yote pamoja na ovataimu haizidi saa 12. Laini iliyokuwa inabaki saa 3 kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, ilikuwa na saa 15 kwa wiki, 60 kwa wiki nne. Ilikuwa imepita mpaka. Lakini 60 mara 1,800 ni 108,000, karibu nusu ya mshahara, na hiyo ndiyo kodi ya chumba Gongo la Mboto na ada ya mtoto. Ukimwambia mtu huyo kwamba chama kinataka ovataimu ipungue ili wenzake wasipunguzwe, usitegemee makofi. Mkutano wa tawi uliojadili hilo ulikuwa mkali kuliko mkutano wowote na menejimenti, na kuna walioomba kujitoa chama wiki hiyohiyo. Ni afadhali ugomvi huo ufanyike mapema, ndani, kuliko mwajiri aje kuutumia mbele ya meza.

Na atautumia. Mwajiri anayejua sheria huja na pendekezo la "wiki fupi": zamu za saa 12, siku chache, bila malipo ya ovataimu. Sheria inaruhusu kitu cha namna hiyo kwa makubaliano ya maandishi, lakini kina masharti: saa 12 hizo ni pamoja na mapumziko ya chakula, siku hazizidi 5, na saa za kawaida bado hazizidi 45 kwa wiki. Zamu ya saa 12 yenye saa moja ya chakula ni saa 11 za kazi. Zamu nne ni saa 44. Ya tano inakusukuma hadi 55, na saa 10 hapo ni ovataimu ya kulipwa. Rasimu tuliyoletewa ilisema "zamu tano za saa 12 kwa mshahara uleule". Aliyeisoma haraka aliona siku mbili za kupumzika akafurahi. Aliyepiga hesabu aliona saa 10 kwa wiki zilizotoweka.

Kuhusu muda wa kudai: mgogoro ambao si wa kuachishwa kazi unapelekwa CMA ndani ya siku 60 tangu ulipotokea. Hapa ndipo madai mengi ya ovataimu hufia. Mtu anavumilia miaka miwili, anaachishwa, ndipo anajumlisha ovataimu yote na kuipeleka. Upande wa pili unasimama, unasema nje ya muda, na mara nyingi wanasikilizwa. Kuna fomu ya kuomba kuongezewa muda, CMA F2, lakini unatakiwa kueleza kila kipindi ulichochelewa, na "nilikuwa nasubiri majibu ya HR" ni sababu dhaifu. Mwezi ukipita hati ya mshahara ikiwa pungufu, barua iandikwe mwezi huohuo, na kalenda ianze kuhesabiwa hapo.

Jambo jingine la hasira: kususia. Siku ovataimu ya Pasaka ilipotoka pungufu, laini mbili zilizima mashine. Viongozi wa tawi walikimbia kuwarudisha watu kazini, wakaitwa wasaliti. Ila ovataimu isiyolipwa ni mgogoro wa haki, na mgogoro wa haki unaamuliwa na CMA, haugomewi. Mgomo halali ni wa mgogoro wa maslahi, kama kudai nyongeza ya mshahara ambayo haimo kwenye mkataba, na hata huo unapitia usuluhishi kwanza, kura ya wanachama kwa mujibu wa katiba ya chama, kisha notisi ya saa 48. Ukizima mashine bila hayo umempa mwajiri sababu ya nidhamu, na anayefukuzwa kwa nidhamu hapati hata kiinua mgongo. Wakati oda zimekauka, kuna waajiri wanaotamani hasa mzime mashine.

Chama chenyewe

Kujiunga ni kujaza fomu ya TUF 6, inayomruhusu mwajiri kukata ada kwenye mshahara na kuipeleka chama. Ada iliyozoeleka ni asilimia 2. Kwa mshahara wa mfano wetu ni shilingi 4,680 kwa mwezi, na si haki kujifanya kwamba hiyo ni pesa ndogo kwa mtu wa laini. Anayeitoa ana haki ya kuuliza inafanya nini. Viwanda na biashara kwa kawaida huwa chini ya TUICO, mashamba makubwa TPAWU, hoteli na majumbani CHODAWU. Ukiwa huna hakika, TUCTA ndilo shirikisho na watakuelekeza.

Idadi ndiyo kila kitu. Chama chenye zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa eneo husika la majadiliano kinatambuliwa kuwa mwakilishi pekee wa kujadiliana na mwajiri, na mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya pamoja kati ya chama na mwajiri, kinaousaini unawafunga wote. Chini ya hapo mnaalikwa kwenye mashauriano ya kupunguza wafanyakazi kwa ajili ya wanachama wenu tu, na mwajiri anazungumza na waliobaki mmojammoja, ofisini, mlango umefungwa. Wakati wa kuandikisha watu ni oda zikiwa tele. Notisi ikishabandikwa watu huogopa kuonekana na fomu mkononi, ingawa sheria inakataza kumbagua mtu kwa uanachama.

Tuseme na la upande wetu. Afisa wa chama wa wilaya au mkoa ana viwanda vingi na hana gari. Ukimpigia asubuhi ya kikao atafika mchana, kikao kimeisha. Apelekewe barua na nyaraka wiki moja kabla, na tawi lijipange kama vile hatafika. Pia kuna wawakilishi wa tawi wanaopandishwa cheo kuwa masupavaiza katikati ya mashauriano. Hutokea mara nyingi mno, haiwezi kuwa bahati tu. Dawa yake ni moja: hakuna kiongozi anayesaini makubaliano ya kupunguza watu kabla ya mkutano wa wanachama wenye muhtasari na sahihi za waliohudhuria. Sahihi ya chama inaweza kuwafunga watu ambao hawajawahi kuiona karatasi.

Likizo bila malipo, na barua ya "hiari"

Kabla ya notisi rasmi zilikuja fomu za likizo bila malipo. Mwajiri hana mamlaka ya kukuweka nyumbani bila mshahara kwa tamko lake peke yake. Ni mabadiliko ya mkataba, na yanahitaji ridhaa yako. Mwaka 2020 wengi waliridhia, na si ujinga, kwa sababu mbadala wake ulikuwa kupunguzwa palepale. Kasoro ilikuwa kwenye fomu: ilikuwa na tarehe ya kuanza, haikuwa na tarehe ya kurudi. Tawi lilidai mistari mitatu iongezwe kwa kalamu kabla ya mtu kusaini: tarehe ya kurejea, kwamba utumishi unahesabika bila kukatika, na nani analipa michango ya NSSF katika kipindi hicho. Mwajiri alikubali miwili ya kwanza. Wa tatu aligoma, na ikabidi watu wajue mapema kwamba miezi hiyo haitakuwa na mchango.

Karatasi mbaya kuliko zote ilikuja ikiwa imechapwa tayari: "Mimi ........ naomba kuacha kazi kwa hiari yangu kuanzia tarehe ........" Ikiambatana na bahasha. Aliyesaini alipata mshahara wa mwezi mmoja mkononi siku ileile, na siku hizo mwezi mmoja mkononi ulikuwa na ushawishi mkubwa. Alichoacha nyuma ni hiki: aliyejiuzulu hana dai la kuachishwa isivyo halali, na hana sifa ya fao la upotevu wa ajira la NSSF. Fao hilo ni asilimia 33.3 ya mshahara kila mwezi kwa miezi 6, kwa mwanachama aliyechangia angalau miezi 18 na ambaye hakuacha kazi mwenyewe. Mwenye 234,000 angepata karibu 78,000 kwa mwezi, jumla kama 468,000. Aliuza hiyo, na kiinua mgongo juu yake, kwa 234,000. Aliyechangia chini ya miezi 18 hulipwa kwa mkupuo asilimia 50 ya michango yake mwenyewe.

Kuondoka kwa makubaliano ni kitu tofauti na halali kabisa, na wakati mwingine ndiyo njia bora kwa mzee aliyekaribia kustaafu. Ila karatasi yake isomeke hivyo, kwamba mwajiri anapunguza wafanyakazi na mfanyakazi amekubali kifurushi fulani kilichotajwa kwa shilingi. Neno "hiari" likisimama peke yake linakumaliza.

Mezani

Mwajiri anayekusudia kupunguza watu kwa sababu za kiuchumi anatakiwa atoe notisi ya kusudio mara tu anapofikiria jambo hilo, atoe taarifa zote zinazohusika, kisha ashauriane kuhusu sababu, njia za kuepuka au kupunguza idadi, vigezo vya kuchagua nani aondoke, muda, na malipo. Mashauriano yanakuja kabla ya uamuzi. Ukikuta majina yameshachapwa kwenye kikao cha kwanza, iombe nakala hiyo na uiweke vizuri. Ni ushahidi kwamba uamuzi ulitangulia.

Kikao chetu cha kwanza kilianza na karatasi ya mahudhurio kuzungushwa. Karatasi tupu, namba, majina, sahihi, haina kichwa. Dada mmoja wa meza ya kukatia akaishika akaigeuza pande zote mbili. "Kaka katibu, hapa nasaini nini?" Afisa utumishi akajibu yeye: "Jamani, mahudhurio tu, tuwahi." Dada akaandika mbele ya jina lake, kwa herufi kubwa, NIMEHUDHURIA TU, na tarehe, ndipo akasaini. Waliomfuata wakaiga. Karatasi ya sahihi isiyo na kichwa inaweza kubanwa kwa pini nyuma ya muhtasari wowote, ukiwemo unaosema wafanyakazi wote wamekubali. Tangu hapo tawi likawa linaandika muhtasari wake lenyewe na kuupeleka kwa barua kesho yake asubuhi, likiomba mwajiri asahihishe kama kuna kosa. Hakusahihisha, na CMA ukimya huo ulisaidia.

Hapa sasa ndipo madaftari ya ovataimu yalipolipa. Mwajiri alisema hakuna kazi, laini tatu hazina oda, watu 60 lazima waondoke. Tawi likaweka mezani karatasi moja: laini ya 4, watu 40, saa 15 za ziada kila mmoja kwa wiki, ni saa 600. Gawanya kwa 45. Hizo ni ajira 13 zilizokuwa zinafanywa na watu waliochoka, tena nyingine nje ya kikomo cha kisheria. Hakuna mtu anayeweza kusema kwa uso mkavu kwamba kazi haipo huku akilipa saa 600 za ziada kwa wiki. Majibu yalikuja: mafundi wa laini ya 4 wana ujuzi wa pekee. Ilikuwa kweli kwa baadhi. Kushona kola na kufunga zipu isiyoonekana si kazi ya kujifunza siku mbili. Lakini kupiga pasi, kukata nyuzi na kufungasha si ujuzi wa pekee, na huko ndiko zilikokuwa saa nyingi. Idadi ilishuka. Haikushuka hadi sifuri, na tawi lolote linaloahidi sifuri wakati oda zimekatwa kweli linawadanganya watu wake.

Tulidai pia kuonyeshwa barua za kusitishwa oda na mauzo ya miezi iliyotangulia. Tulipewa barua mbili, zimefutwafutwa majina ya wanunuzi, na hiyo ilitosha. Usipoteze kikao kizima kudai kila hesabu ya kampuni. Dai zile zinazohusu sababu walizotaja wenyewe.

Kwenye vigezo, desturi ni aliyeingia mwisho kutoka kwanza, lakini ujuzi, sifa na uzoefu vinaweza kuingizwa. Hatari iko kwenye maneno kama "nidhamu", "mtazamo" na "utendaji" yasiyo na rekodi. Kwenye rasimu yetu, "mtazamo" ulikuwa na alama 30 kati ya 100, na wajumbe wa kamati ya tawi walikuwa wamepata 5 na 7. Kigezo kikiwa cha alama, daini kuona karatasi ya alama na ushahidi wake, la sivyo kiondolewe.

Malipo yana sakafu yake. Notisi kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28, au pesa yake. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10, kwa aliyefanya kazi mfululizo angalau miezi 12. Hapa tena kuna kigawanyo cha kuchunga: kwa anayefanya siku 6 kwa wiki, mshahara wa siku ni wa mwezi kugawa kwa 26 (6 mara 4.333), si kwa 30. Kwa 234,000 ni 9,000 kwa siku, 63,000 kwa mwaka, 630,000 kwa miaka 10. Kwa 30 ungepewa 546,000. Na kumbuka ukomo: aliyekaa miaka 17 kisheria hana zaidi ya wa miaka 10, kwa hiyo miaka yake 7 iliyobaki inategemea mkataba wa hali bora au ubishi wa mezani tu. Juu ya hapo kuna mshahara wa siku ulizofanya, likizo ambayo hukuichukua, ovataimu ya mwezi wa mwisho inayosahaulika karibu kila mara, na usafiri kama uliajiriwa ukitoka mahali pengine.

Mkishindwa kukubaliana, suala linapelekwa CMA kwa usuluhishi. Mwajiri akiharakisha barua za kuachisha kabla ya hatua hiyo, hilo nalo ni la kuandika kwa tarehe.

CMA

Kuachishwa kazi kunapelekwa ndani ya siku 30, na ni siku za kalenda, Jumapili na sikukuu zimo. Fomu ni CMA F1, haina ada. Nakala inapelekwa kwanza kwa mwajiri, asaini kupokea; akikataa, aliyeipeleka aandike maelezo ya siku, saa na nani alikataa, na nakala nyingine itumwe kwa EMS ya posta, risiti itunzwe. Fomu ina sehemu B ambayo ni ya migogoro ya kuachishwa kazi tu. Wapo walioiacha wazi, na wapo waliokuwa na dai la mshahara tu wakaijaza. Pande zote mbili wamepata matatizo. Na chochote usichokiandika kwenye fomu, usitegemee kukidai baadaye ukiwa mbele ya mwamuzi. Andika kila kitu kwa shilingi: notisi, likizo, kiinua mgongo, saa za ziada na namna ulivyokokotoa.

Unaweza kuwakilishwa na afisa wa chama, wakili au mtu uliyemchagua. Usuluhishi una siku 30. Msuluhishi haamui nani ana haki. Kazi yake ni kuwakutanisha. Lakini mlalamikaji asipotokea, lalamiko linaweza kufutwa, na mwajiri asipotokea linaweza kuamuliwa bila yeye, kwa hiyo foleni ya Mandela Road si ya kufanyia mzaha siku hiyo. Kinachochosha si sheria, ni nauli na kuahirishwa. Waliokuwa wamesharudi mikoani walishindwa kuhudhuria, na baadhi ya madai yao yaliishia hapo. Kabla mtu hajapanda basi kurudi kwao, aache barua ya uwakilishi na namba ya simu inayopatikana.

Mkikubaliana kwenye usuluhishi, karatasi mnayosaini inawafunga na inaweza kutekelezwa kama hukumu, hivyo iwe na tarehe za malipo na kiasi cha kila mtu. Msipokubaliana mnaenda kwenye uamuzi, ushahidi unatolewa, na asiyeridhika na tuzo, yaani uamuzi wa mwamuzi, ana wiki 6 za kwenda Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi.

Siku ya kuchukua hundi utapewa karatasi ya mwisho yenye sentensi "sina dai lingine lolote". Kama hesabu ina kasoro, andika juu ya sahihi: "nimepokea bila kuathiri madai yangu yaliyobaki." Wakikataa kukupa hundi kwa sababu ya maneno hayo, piga picha karatasi, nenda nayo CMA. Chukua cheti cha utumishi, na barua ya kuachishwa inayotaja sababu ya kupunguzwa kazi waziwazi, maana NSSF wataitaka. Kisha andika barua fupi kwamba ungependa kuitwa tena nafasi kama yako ikifunguliwa, kwa kuwa kanuni za utendaji bora zinawapa kipaumbele waliopunguzwa. Nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa getini au masjala. Oda zilipoanza kurudi, wenye mhuri huo ndio waliokuwa na kitu cha kuonyesha vijana wapya walipoanza kupokelewa kupitia wakala.